Nani Anampa Mwalimu Maksi?

Leo sina hadithi ya Sungura na Fisi. Nina swali la mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa, aliloniuliza nilipokuwa nagawa madaftari: "Mwalimu, na wewe nani anakupa maksi?" Wenzake wakacheka, wakidhani ameniweza. Mimi nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba watu wazima wanalihangaikia pia, kwa sababu ndilo hilohilo ambalo kamati yetu imelileta mezani, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutaketi kulijibu.

Kwa ambao hawakuwapo: kamati imependekeza kwamba kila mwalimu wa shule yetu ya Jumamosi afanyiwe tathmini kila muhula. Mwalimu mkuu atapewa fomu yenye vipengele kumi na viwili, ataingia darasani, atajaza, na matokeo yatasomwa kwenye kikao cha wazazi. Baadhi ya walimu wamelipokea jambo hili kama tusi. "Tunafundisha bure, mafuta ya gari tunatia wenyewe, halafu tukaguliwe?" Hayo ni maneno niliyoyasikia jikoni wakati tunaosha vikombe, na sidhani aliyeyasema atanuna nikiyarudia hapa.

Lakini wazo la kamati halikutoka hewani. Kwenye mkutano uliopita alisimama mama mmoja ambaye mwanawe yuko nasi mwaka wa pili. Kila Jumapili wanampigia simu bibi yake mtoto, aliyeko Mwanza. Mtoto anasema, "Shikamoo bibi." Bibi anaitika, "Marahaba mjukuu wangu, umekula nini leo?" Na hapo mtoto anamrudishia mama simu. Yule mama akatuuliza, bila ukali wowote: "Miaka miwili, na 'umekula nini' bado haina jibu. Nimwulize nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa. Ndiyo maana nasema mapema kwamba tathmini naitaka. Fomu ile ya vipengele kumi na viwili ndiyo siitaki, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini, kwa sababu nimetathminiwa katika nchi mbili na nimejifunza kitu kila upande.

Nilianza kazi mwaka 2005 katika shule ya msingi ya kijijini wilayani Korogwe, mkoa wa Tanga. Darasa langu la tatu lilikuwa na watoto 87. Wakati huo waliokuja kutukagua waliitwa wakaguzi wa shule. Siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, jina refu zaidi na la upole zaidi. Wakitarajiwa, kijiji kizima kilijua. Nyasi zinafyekwa, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, ubao unapigwa rangi nyeusi upya. Walimu wanakesha na taa za chemli wakipanga maandalio ya masomo. Mkaguzi anafika na jalada lake, anakaa nyuma ya darasa dakika chache, anakwenda darasa la pili. Watoto waliagizwa wasimame wote kwa pamoja na waseme "Shikamoo mwalimu" kwa sauti moja, na hilo kwa kweli lilikuwa likifanyika vizuri sana.

Pia kulikuwa na mfumo wa serikali ulioanza mwaka 2004 kwa watumishi wote wa umma. Kwa Kiswahili uliitwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, kwa kifupi MWAMTUKA, ingawa kila mtu aliuita OPRAS. Kwenye karatasi ulikuwa mfumo wa busara. Mwanzo wa mwaka wa serikali, mtumishi na mkuu wake wanakaa pamoja na kukubaliana malengo. Katikati ya mwaka wanayapitia. Mwisho wa mwaka mtumishi anajipa alama, mkuu wake anampa alama, halafu kuna safu ya tatu: alama mliyokubaliana. Ile safu ya tatu ndiyo niliyoipenda, maana inawalazimisha watu wawili kuzungumza. Kwetu kijijini fomu ilitufikia mwezi wa sita mwaka ukiwa umekwisha, ikajazwa alasiri moja, wote tukapata 2, tukatia saini. (Watoto, msishangae: kwenye fomu ile 1 ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa.) Mazungumzo hayakufanyika. Safu tatu zilijazwa kwa kalamu moja.

Tathmini ya kweli nilifanyiwa na mwalimu mkuu wetu, na hakuwa na fomu. Alikuwa mtu mzima, amekaribia kustaafu, na alikuwa na kigoda cha mninga alichokuwa akitembea nacho kwapani. Mara moja kila baada ya wiki mbili hivi alibisha hodi kwenye darasa langu, akaingia na kukiweka kigoda chake ubavuni, karibu na dirisha. Hakukaa nyuma hata siku moja. Nilipomzoea nikamwuliza sababu. Akanijibu kwamba ukikaa nyuma unaona uso wa mwalimu na visogo vya watoto, na yeye uso wangu alikuwa anauona kila siku ofisini.

Alikaa kipindi kizima, dakika arobaini, hakuandika neno. Baadaye, tukiwa tunatembea kwenda kwenye mwembe tulipokuwa tunanywea uji, aliniuliza swali moja tu: "Leo ni nani hakuelewa?" Jibu la "wengine" hakulikubali. Alitaka majina. Katika watoto 87 alitaka nimtajie aliyepotea, na amepotelea wapi. Nikimtajia wanne, yeye ananiongezea wa tano ambaye alimwona kutoka pale dirishani. Basi, tathmini imekwisha. Hakuna alama. Lakini wiki mbili zilizofuata nilifundisha nikiwatazama watoto wale watano, kwa sababu nilijua swali litarudi.

Kulikuwa na jambo la pili, na naona ndilo lililofanya la kwanza liwezekane. Yeye mwenyewe alikuwa anafundisha sehemu na desimali darasa la tano, na alituambia walimu vijana: njooni mkae na nyinyi. Tukaenda. Kigoda kilekile, dirisha lilelile, na baadaye tulimwuliza swali lilelile. Siku moja nilimtajia mtoto ambaye yeye hakumwona. Alicheka, akatoa kikaratasi mfukoni akaliandika jina.

Na mzazi akija na hasira, hakumwacha mwalimu peke yake wala hakumtetea kwa upofu. Baba mmoja alifika moja kwa moja kutoka shambani, amefoka, kwa sababu nilimbakiza mwanawe amalize hesabu na ng'ombe wakakosa wa kuwanywesha. Mwalimu mkuu alimpa kiti na maji, akamsikiliza mpaka mwisho, mimi nikiwapo, watoto wakiwa mbali. Aliyoniambia mimi aliniambia baadaye, tukiwa wawili. Hayakuwa matamu yote. Lakini hakuna mtoto aliyeyasikia, na hakuna mzazi aliyeyasikia.

Sasa tuvuke bahari tuje huku kwetu Houston, maana wengi wenu mna watoto katika shule za hapa na hamjui kilichowahi kuwapata walimu wao. Kwa miaka kadhaa, wilaya ya elimu ya Houston ilitumia hesabu maalumu ya kompyuta kupima walimu. Ilifanya kazi hivi, kwa maelezo mepesi: kompyuta inachukua alama za mtoto za mitihani ya miaka iliyopita, inakisia atapata ngapi mwaka huu, halafu mtihani unafanyika. Watoto wakizidi makisio, mwalimu anahesabiwa ameongeza thamani. Wakipungua, mwalimu amepunguza. Hesabu ile ilianza kwa kugawa bahasha za motisha, na baadaye ikaingia kwenye tathmini na kwenye maamuzi ya nani abaki kazini na nani aondoke.

Wazo si la kijinga. Linataka kumtendea haki mwalimu aliyepokea watoto wenye alama za chini, asilinganishwe na aliyepokea waliokwisha kuelewa. Taabu ilikuwa kwingine. Fomula ilikuwa mali ya kampuni na ilifichwa kama siri ya biashara. Mwalimu aliyeambiwa amepunguza thamani hakuweza kuikagua hesabu hiyo aone kama kuna kosa. Na alama zilifungamana: wilaya yenyewe ilieleza kwamba kurekebisha ya mwalimu mmoja kungebadilisha za wengine wote, kwa hiyo hesabu ikishapigwa, imepigwa. Mwaka 2014 chama cha walimu wa Houston pamoja na baadhi ya walimu wakaenda mahakama ya shirikisho. Mwezi wa tano mwaka 2017 jaji akasema kwamba walimu wana hoja ya kusikilizwa: mtu hawezi kupoteza kazi kwa namba asiyoweza kuihakiki. Kabla kesi haijaendelea, mwezi wa kumi mwaka huohuo pande mbili zikapatana, na wilaya ikakubali kutotumia alama hizo kumwachisha mwalimu kazi ikiwa hana njia ya kuzihakiki.

Mimi nilikuwa bado msaidizi wa darasa wakati ule, lakini walimu walilizungumza jambo hili kila siku ya chakula cha mchana. Nilichokisikia mara nyingi kuliko malalamiko ya pesa kilikuwa hiki: wakuu wa shule wenyewe hawakuweza kuieleza ile namba. Mwalimu anakwenda ofisini kuuliza "nifanye nini tofauti?" na mkuu wake anatazama karatasi ileile. Namba imekaa katikati yao na wote wawili hawana la kusema.

Siku hizi nafundisha hesabu darasa la nne katika wilaya jirani, na sisi tunatumia mfumo wa jimbo la Texas ulioanza mashuleni mwaka wa masomo wa 2016. Una maeneo manne na vipengele kumi na sita, ngazi tano. Mnazungumza kabla, mkaguzi anakaa darasani dakika zisizopungua 45, kisha mnazungumza tena ndani ya siku kumi za kazi. Usiporidhika una siku kumi za kazi kuandika majibu yako na kuomba mtu mwingine aje akuangalie. Ni mfumo mzuri kuliko mwingi niliousoma. Wenzetu wa Kenya walianzishiwa wao mwaka 2016, mnauita TPAD, na mwalimu anaanza kwa kujipima mwenyewe; mzazi mmoja wetu aliyefundisha Kisii anasema unafundisha mchana na usiku unapakia fomu kwenye mtandao unaokatika. Sitaki kumsemea, atawaeleza mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kama mwalimu kamili, mkuu wa shule niliyokuwa nafundisha wakati ule alikuja darasani na kompyuta ndogo. Alichapa dakika zote 45. Sikumbuki kuyaona macho yake. Siku nane baadaye akaniita. Alizungumza, nami nikanyamaza, nikatazama chini kidogo, nikaitikia kwa kichwa. Mlio na umri wangu mnajua kwa nini. Mkubwa anaposema, unasikiliza. Kumkatiza ni utovu wa adabu, na kumkodolea macho ni ushindani. Ndivyo mama yangu alivyonilea, ndivyo mwalimu mkuu wa Korogwe alivyonikuta. Barua ilipokuja, kwenye kipengele cha kujitafakari nimepewa ngazi ya chini, na maelezo yake: mwalimu hakutoa mawazo yake mwenyewe, hakuonyesha kushiriki katika mazungumzo.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Heshima yangu yote ilikuwa imeandikwa pale kama upungufu.

Mwalimu mmoja wa makamo, mzaliwa wa San Antonio ambaye wazazi wake walitoka Mexico, aliniona nimekaa kwenye gari sijaliwasha. Aliniambia kwamba hata yeye aliwahi kuandikiwa hivyo, na kwamba ninazo siku kumi. Tukaandika pamoja. Sikuandika kwamba mkuu ni mbaya, maana hakuwa mbaya. Nilieleza nilichokuwa nakifikiria wakati nimenyamaza: watoto watatu waliopotea kwenye kugawanya, kwa majina, na nilichopanga kuwafanyia. Ile tabia ya mwembeni ilinisaidia. Akaja mkaguzi wa pili. Vipengele viwili vikapanda, kimoja kikabaki palepale, na hicho kilichobaki nakubali kilistahili.

Mimi na yule mkuu hatukugeuka marafiki baada ya hapo. Salamu zilikuwa fupi. Lakini mara iliyofuata alikuja na kalamu na kidaftari, akakaa ubavuni, na tulipoketi kuzungumza alinyamaza kwanza na kuningojea nianze. Nadhani ilimgharimu kungojea kama ilivyonigharimu mimi kuanza.

Kuna watafiti wawili, Anthony Bryk na Barbara Schneider, waliofuatilia shule za msingi za Chicago katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu mwaka 2002 juu ya kuaminiana shuleni. Walikuta kwamba shule ambazo watu wake wanaaminiana, yaani mwalimu na mkuu, mwalimu na mwalimu, mwalimu na mzazi, zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwainua watoto katika kusoma na hesabu kuliko zile ambazo watu wanatazamana kwa jicho la pembeni. Na kuaminiana walikokusema kulitokana na mambo ya kila siku: unanisikiliza? unaijua kazi yako? unanijali kama mtu? unatimiza ulichosema? Nilipokisoma nilimkumbuka mzee wa kigoda, ambaye nina hakika hakuwahi kusikia habari za Chicago.

Turudi basi kwenye fomu yetu. Kipengele cha nne kinasema: "Mwalimu anatumia Kiswahili sanifu," na mwalimu mkuu anatakiwa kuzungushia namba 1 hadi 5. Nawaomba mkifikirie kipengele hiki kwa utulivu. Miongoni mwa walimu wetu yuko dada mmoja aliyezaliwa Uvira, akakimbia vita akiwa msichana, akakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu na kuanza kufundisha humohumo kambini. Darasa lake ni la watoto wadogo. Watoto wake wanaimba, wanahesabu, wanaomba ruhusa kwa Kiswahili. Wakati mwingine wanatamka kama watu wa Kivu, na kuna maneno wanayoyasema ambayo mtu wa Tanga au Zanzibar atainua nyusi. Katika orodha yetu ya wanafunzi, karibu nusu wana wazazi kutoka Kongo na Burundi. Kiswahili cha dada yule ndicho cha bibi zao. Tukimzungushia 2 na kuisoma mbele ya ukumbi, tutakuwa tumewazungushia na bibi zao.

Ameniambia kwamba fomu hiyo ikipita, hatarudi Januari. Hakusema kwa kutisha, alisema huku anakunja leso yake. Ametathminiwa na watu wa fomu tangu ana umri wa miaka kumi na moja: foleni ya chakula, foleni ya afya, mahojiano ya kuja Marekani. Amechoka kuzungushiwa namba. Nimeomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya.

Najua kuna mzazi atakayesema kwamba watoto wanahitaji Kiswahili cha vitabuni ili siku moja wafanye mtihani wa chuo. Sawa, na darasa la wakubwa tunakifundisha hicho, kwa sarufi na insha. Lakini mtoto wa miaka sita anahitaji kwanza mdomo ufunguke.

Halafu kuna suala la saa. Tuna Jumamosi 30 kwa mwaka, saa mbili na nusu kila moja tukiondoa mapumziko. Jumla saa 75. Hizo ni siku tatu na saa tatu. Mtu yeyote akikuambia atamfundisha mwanao lugha kwa siku tatu na saa tatu kwa mwaka, mwangalie vizuri. Yule mama wa bibi wa Mwanza nilikwenda kumtembelea nyumbani, kwa idhini yake naandika, na tukahesabu pamoja ni dakika ngapi kwa siku mtoto anasikia Kiswahili anachotakiwa kukijibu. Mama na baba wanaongea Kiswahili wao kwa wao. Kwa mtoto wanageuza Kiingereza, bila hata kujua kwamba wamegeuza. Sasa wameanza: wakati wa chakula cha jioni swali ni "umekula nini mchana?" na jibu lisipokuja kwa Kiswahili, wali haupakuliwi haraka. Wiki ya tatu mtoto alimwambia bibi, "Nimekula pizza na maharage." Bibi akauliza pizza ni nini, na ikawa mazungumzo ya dakika sita.

Kwa hiyo haya ndiyo nitakayoyaomba mkutanoni, na nayaandika hapa ili msije mkasema niliwavizia. Mwalimu mkuu aingie madarasani, ndiyo, mara mbili kwa muhula, na akae somo zima. Dakika kumi za kupita na kikombe cha chai mkononi haziwezi kumwonyesha chochote. Kabla ya kuingia, azungumze na mwalimu: leo unataka nimtazame nani? Baada ya somo, wiki hiyohiyo, wakae wawili. Aliyeona aanze kwa kuuliza. Watakachokubaliana kiandikwe kwenye daftari moja, sentensi tatu au nne, na daftari likae kwa mwalimu. Kikao cha wazazi kiambiwe tu kwamba mazungumzo yamefanyika na shule inafanyia kazi nini kwa ujumla. Na walimu nao waingie darasa la mwalimu mkuu, maana naye anafundisha, tena wamwulize pia habari za ufunguo wa ukumbi unaochelewa na kalamu za ubao zilizokauka. Hilo nalo ni tathmini.

Kuhusu maendeleo ya watoto, napendekeza kila mtoto arekodiwe kwa simu mwezi wa tisa akisema dakika moja juu ya jambo lolote, halafu tena mwezi wa tano. Mzazi na mwalimu wasikilize rekodi zote mbili wakiwa wamekaa pamoja. Hakuna namba hapo, na kila mtu ataweza kuihakiki.

Ombi moja kali kidogo kwa wazazi. Lile kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya sitini. Mwezi uliopita, saa tano usiku, mtu aliandika humo kwamba darasa fulani "watoto wanacheza tu." Kila mtu alijua ni darasa la nani. Asubuhi kulikuwa na vidole gumba kumi na vinne chini ya maneno yale. Kama una neno juu ya mwalimu, mpigie yeye, au mpigie mwalimu mkuu. Namba zao mnazo.

Na nyinyi watoto, msidhani hamumo. Nyinyi ndio mnaokaa na sisi saa zote hizo. "Mwalimu anachosha" haitusaidii, na kusema kwa sauti mwalimu akiwa amegeukia ubao ni mbaya zaidi. Lakini ukisema, "Mwalimu, naomba urudie, nimepotea tulipofika kwenye ngeli ya ki-vi," umenipa kitu cha kufanyia kazi. Kuanzia Jumamosi ijayo kutakuwa na kasha la viatu mezani karibu na mlango. Andika kwenye kikaratasi mahali ulipopotea siku hiyo. Jina si lazima. Ukikosea tahajia hakuna atakayekusahihisha, leo tunakusoma wewe.

Yule aliyeniuliza nani ananipa maksi amesema atahudhuria mkutano. Nimemwambia akae mbele, na kwamba watoto wa darasa la wakubwa wataruhusiwa kusema.

Mkutano utaanza saa saba na nusu mchana, mara tu baada ya masomo, ukumbi uleule. Nakala za fomu ya kamati zipo mezani, na pembeni yake nimeweka karatasi yangu. Chukueni zote mbili mkazisome nyumbani. Asiyeweza kuja ampe maneno yake mjumbe wa darasa la mwanawe. Maandazi yameahidiwa na akina mama wa darasa la kati, chai ya tangawizi ipo. Tunahitaji viti vya kukunja kama ishirini, mwenye gari kubwa atujulishe kabla ya Alhamisi.